Jani, ua, tunda na maji: mfungo wa Wahindu usipimwe kwa Ramadhani

"Mhindu akifunga, hali wala hanywi mpaka jua lizame." Hapana. Sisi tuliozoea saumu hudhani kila mfungo ndivyo ulivyo. Chukua Ekadashi, siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, inayokuja kama mara 24 kwa mwaka. Kinachoachwa hasa ni nafaka na jamii ya kunde: wali, chapati, dengu. Wengi hula matunda, maziwa na karanga. Wengine hula mlo mmoja tu. Ni Nirjala Ekadashi, kati ya Mei na Juni joto la India likiwa limepamba moto, ndiyo inayoachiwa hata maji, na hufunguliwa kesho yake.

"Kama wanakula, basi hawajafunga." Hili husemwa sana juu ya sabudana, zile chembe nyeupe kama lulu, ambazo India hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, muhogo huu huu tunaouchemsha pwani. Kule Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, hurowekwa kwa saa kadhaa. Ukibonyeza chembe kwa vidole ikapondeka bila kiini kigumu, iko tayari kukaangwa kwa samli, bizari nyembamba, pilipili mbichi, viazi na karanga zilizotwangwa. Ni tamu na inashibisha. Mimi naona anayejaza sahani mara tatu amefuata orodha ya vyakula akaacha mfungo wenyewe, kwani upavasa, neno la Kisanskriti la mfungo, maana yake ni kukaa karibu, yaani karibu na Mungu. Lakini Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 6, inawaonya wote wawili: anayekula kupita kiasi na asiyekula kabisa. Ndiyo maana wagonjwa, wajawazito na watoto hawalazimishwi.

"Mungu hutolewa sadaka ya vinono tu." Hapana. Sura ya 9 ya Gita inataja jani, ua, tunda na maji, mradi vitolewe kwa upendo. Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, humwagiwa maji na kuwekewa majani ya mti wa bilva. Chakula cha Vishnu, mungu mkuu mwingine, huwekwa jani la tulsi, jamii ya mrehani.

Kinachonigusa zaidi kiko jikoni. Mpishi haonji kabla sadaka haijatolewa, kwa sababu wa kwanza kuonja ni Mungu. Baadaye ndipo chakula hugawiwa watu kikiitwa prasad. Chumvi, ambayo siku ya mfungo wengi hutumia ya mawe, hukisiwa kwa mkono tu. Ikizidi, italiwa hivyo hivyo.