Utesaji kama suala la kimaadili: maana yake kwa jumuiya za dini

Utesaji, kwa maana ya kisheria inayokubaliwa na mataifa mengi, ni kumsababishia mtu kwa makusudi maumivu makali ya mwili au ya akili ili atoe habari, akiri kosa, aadhibiwe au atishwe, pale ambapo mtumishi wa serikali ndiye anayeyatenda hayo, anayeyachochea au anayeyaridhia. Ndivyo unavyoeleza Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Utesaji, uliopitishwa tarehe 10 Desemba 1984. Tanzania haijajiunga na mkataba huo, lakini Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza na kumdhalilisha.

Viongozi wa dini wanaposema kwamba utesaji ni suala la kimaadili, hawaiweki kando sheria, bali wanauliza swali linaloitangulia. Mahakama huuliza ni nani aliyetenda, kwa amri ya nani, na kwa ushahidi gani. Muumini huuliza kama kitendo chenyewe ni halali mbele ya Mungu, hata kama aliyeteswa ni mhalifu kweli, na hata kama maneno aliyoyatoa yaliisaidia polisi kukamata wenzake.

Kauli hiyo ilisikika sana nchini Marekani baada ya mwaka 2004, picha za wafungwa waliodhalilishwa na askari katika gereza la Abu Ghraib, Iraq, zilipowafikia watu wa dunia nzima. Januari 2006, kwa juhudi za mwanateolojia George Hunsinger, viongozi wa Kikristo, Kiyahudi na Kiislamu walikutana Princeton, na hapo ikazaliwa Kampeni ya Kitaifa ya Kidini Dhidi ya Utesaji, ambayo baadaye ilihimiza nyumba za ibada zitundike mabango nje kuupinga. Wakati huo mjadala mkubwa ulikuwa kama mateso yanaleta habari za kweli. Desemba 2014 kamati ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba njia kali za kuhoji za CIA, shirika la ujasusi la nchi hiyo, hazikuwa na mafanikio katika kupata habari. Ninaikubali hoja hiyo, ila anayeisimamia peke yake ameshakubali kimyakimya kwamba siku mateso yatakapoleta habari ya kweli, yatakuwa yamehalalika. Jumuiya za dini zilikataa kuujenga msimamo wao juu ya msingi wa namna hiyo.

Msingi wao uko katika maandiko ambayo watu wa Dar es Salaam wanayasikia kila wiki. Qur'ani, katika Sura ya 17 Aya ya 70, inasema wanadamu wametukuzwa, na Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Utukufu huo haukuwekewa sharti la kutokuwa mshukiwa. Ammar bin Yasir, ambaye mama yake Sumayya aliuawa na watesi huko Makka, alilazimishwa kutamka maneno ya kukufuru, na Aya ya 106 ya Sura An-Nahl inamwondolea lawama aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia katika imani. Hii ndiyo mojawapo ya hoja za wanazuoni wengi wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wanaposema kwamba ungamo la mtu aliyelazimishwa halina nguvu. Katika Sahih Muslim, mkusanyo wa hadithi za Mtume, imo pia habari ya Hisham bin Hakim, aliyewakuta watu huko Sham (eneo la Syria) wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi, akawakumbusha watawala kwamba Mtume alisema Mwenyezi Mungu atawaadhibu wale wanaowatesa watu duniani. Kwa upande wa Wakristo, Matendo ya Mitume sura ya 22 inaeleza jinsi jemadari wa Kirumi alivyoamuru Paulo ahojiwe kwa mijeledi, na Yesu mwenyewe alipigwa mijeledi kwa amri ya liwali aliyesema haoni hatia kwake. Kwa Mkristo anayemwabudu Kristo aliyepigwa hivyo, kulipita jambo hili kama habari ya wanasiasa tu ni vigumu sana.

Ukweli mwingine haupendezi, lakini lazima usemwe. Mwaka 1252 Papa Innocent IV aliruhusu washukiwa wa uzushi wateswe, ingawa Papa Nicholas I alikuwa amelaani mateso ya kulazimisha maungamo tangu mwaka 866. Miongoni mwa Waislamu, baadhi ya wanazuoni wa karne za kati, akiwamo Ibn Taymiyya, waliona inafaa kumpiga mtuhumiwa anayejulikana kwa uovu. Kanisa Katoliki liliurudia msimamo ulio wazi wa kuupinga utesaji katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wake, mwaka 1965, na Katekisimu yake ya mwaka 1992 inakiri makosa ya zamani.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, uzito wa dhana hii unaonekana zaidi mahali ambapo maana ya kisheria inaishia. Kibaka akikamatwa Manzese au Kariakoo akapigwa mawe na kuvishwa tairi, magazeti huandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na mkataba wa 1984 hauwagusi watu hao kwa sababu si watumishi wa serikali. Maadili yanawagusa wote: aliyepiga, aliyeleta petroli, na aliyesimama kando akishangilia kisha akaenda kuswali au kusali. Vivyo hivyo Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa chama cha upinzani cha CHADEMA, alishushwa kwenye basi na watu wasiojulikana, na mwili wake ukakutwa Ununio. Chama chake kilisema alipigwa na kumwagiwa tindikali usoni. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani tukio hilo na kuagiza uchunguzi. Sheria inahitaji kumjua mtendaji kabla ya kuliita tendo hilo kwa jina lake, na ni haki iwe hivyo. Mimbari haihitaji kusubiri hadi hapo ili iseme kwamba aliyotendewa mtu huyo ni haramu.

Kuna jambo moja ambalo dini hulisema na sheria hailisemi, nalo linamhusu mtesaji. Ikiwa utesaji ni dhambi, basi aliyeutenda ana njia ya kurudi, awe askari au jirani wa mtaani, lakini njia hiyo si rahisi. Katika Uislamu dhuluma dhidi ya mtu ni haki ya mja, na toba haikamiliki mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au asamehe mwenyewe. Wakatoliki nao hufundisha kwamba msamaha wa padri haumwondolei mtu wajibu wa kulipa fidia. Kwa hiyo padri, mchungaji au sheikh anayeingia magereza ya Keko, Segerea au Ukonga kuwahudumia wafungwa, na siku ya ibada akawa na askari wa magereza katika safu za mbele, ana watu wa pande zote mbili mikononi mwake, na anatakiwa kumwambia kila mmoja wao jambo hilo bila kulipunguza.