Kumwacha guru si dhambi

Wengi hapa Dar, hata baadhi ya waumini wanaovua viatu kwenye mahekalu ya Kisutu, huamini kwamba Mhindu akishampokea guru, yaani mwalimu wa kiroho, amefungwa naye hadi kufa. Sivyo.

Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Kihindu, mwalimu Parashurama anamshurutisha Bhishma, mwanafunzi wake wa silaha, amchukue binti mfalme Amba awe mkewe, ilhali Bhishma ameapa kutooa. Bhishma anamjibu waziwazi: guru mwenye kiburi, asiyejua la kutenda na la kuacha, aliyepotoka njia, huachwa. Kisha wanapigana, lakini Bhishma anashuka kwanza kwenye gari lake la farasi kumsujudia. Heshima haikufutika, na hilo ndilo linalonigusa zaidi.

Dattatreya, mjuzi wa visa vya Kihindu, naye hakufungwa na mwalimu mmoja: alikuwa na walimu 24, nyuki na chatu wakiwemo.

Guru akidai mwili wako au pesa za ada ya shule ya watoto wako, ondoka. Ukiwa umechoka tu na mazoezi, zungumza naye kwanza.