Kompyuta ya kwanza ya biashara ilihesabu mikate

Waulize watu kumi kompyuta iliingiaje kwenye biashara, na wengi watakutajia Marekani, vita, na makampuni makubwa ya mashine. Nafundisha uwekaji hesabu na matumizi ya kompyuta, na simulizi hiyo huisikia kila muhula mpya. Inanisumbua, kwa sababu anayeiamini huiona kompyuta kama kitu kilichotoka kwa wataalamu wa mbali, kikamkuta karani ameshika kalamu hajui hili wala lile. Mambo hayakwenda hivyo. Hizi hapa dhana ninazokutana nazo, kila moja na jibu lake.

"Kompyuta ya biashara ilianzishwa na kampuni ya kompyuta"

Ilianzishwa na wauza chai, mjini London.

Kampuni yenyewe ni J. Lyons & Co. Mkahawa wake wa kwanza wa chai ulifunguliwa mtaa wa Piccadilly mwaka 1894, na baada ya miongo michache mikahawa hiyo ilikuwa imeenea jiji zima, ikilishwa na viwanda vya kampuni hiyohiyo vya mikate na keki. Ilikuwa biashara ya senti: kikombe cha chai hapa, kipande cha keki pale. Mauzo madogo madogo yasiyohesabika, faida nyembamba kwa kila moja, na kila moja lazima liandikwe, lijumlishwe na lihakikiwe. Usipoangalia, gharama ya kuandika inaila faida yote. Mwaka 1923 kampuni ilimwajiri mwanahisabati, John Simmons, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya kuchunguza namna makarani wanavyofanya kazi: nani anaandika nini, inakwenda kwa nani, na kwa sababu gani. Naomba msomaji aliweke hili moyoni, maana nitalirudia.

Mwaka 1947 maofisa wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, walikwenda Marekani kutazama mbinu mpya za ofisi. Huko walionana na Herman Goldstine, mmoja wa watu wa mradi wa kompyuta ya ENIAC, naye akawaambia kwamba kwao wenyewe Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kuna mashine ya aina hiyo inajengwa. Lyons ikatoa pauni 3,000 na kumwazima Maurice Wilkes wa Cambridge fundi wa kumsaidia kuikamilisha mashine yake, EDSAC. Tarehe 6 Mei 1949 EDSAC ilitoa majibu yake ya kwanza. Basi wauza chai nao wakajenga ya kwao, chini ya mhandisi John Pinkerton, katika majengo yao ya Cadby Hall, magharibi mwa London. Wakaiita LEO, kifupi cha Lyons Electronic Office.

Ilikuwa na vali zipatazo 6,000, za aina ile iliyokuwa ikiwaka ndani ya redio za zamani. Kumbukumbu yake ilikuwa mirija ya zebaki. Namba iligeuzwa kuwa mapigo ya sauti, mapigo yakasafiri ndani ya zebaki hadi ncha ya pili, yakapokewa, yakarudishwa mwanzo, yakasafiri tena. Namba ilikaa humo kwa kuzungushwa tu, bila kutulia, hadi ihitajike. Uwezo wote wa kumbukumbu hiyo haukufika kilobaiti 9. Picha moja unayotumiwa kwa simu haiwezi kuingia humo.

Mwishoni mwa Novemba 1951 mashine hii ilichukua kazi ya kila wiki ya kukokotoa thamani ya mikate, keki na pai zilizotoka kwenye viwanda vya Lyons. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kawaida ya ofisi ya biashara kufanywa na kompyuta duniani. Marekani walikuwa na UNIVAC, iliyopokelewa na idara ya sensa tarehe 31 Machi 1951, na ilikuwa mashine nzuri sana. Lakini kampuni binafsi ya kwanza huko kulipa mishahara kwa UNIVAC, General Electric katika kiwanda chake cha Louisville, ilifika hapo mwaka 1954.

"Kompyuta ndiyo iliyoleta mpangilio ofisini"

Katika dhana zote, hii ndiyo yenye madhara, kwa sababu mpaka leo watu wananunua mashine kwa kuiamini.

Tazama Lyons walivyoshughulikia mishahara. Karani mzoefu alitumia kama dakika 8 kukokotoa malipo ya mfanyakazi mmoja: saa alizofanya, kodi, makato, salio. LEO ilimaliza kazi hiyo kwa sekunde moja na nusu. Tofauti kama hiyo ingemtia mtu yeyote papara, lakini wao hawakukurupuka. Mishahara ilikokotolewa kwa mashine huku makarani wakiendelea kuikokotoa kwa mkono, majibu yakalinganishwa wiki baada ya wiki, na ilipofika Februari 1954 ndipo mashine ikaachiwa kazi. Mfanyakazi wa kiwanda anaisubiri bahasha yake siku ya malipo, na kumwambia kwamba vali imeungua si jibu.

Mwaka huohuo walihamishia kwenye mashine oda za mikahawa. Huu ni mpango ninaoupenda kuliko yote. Kila mkahawa uliwekewa oda ya kawaida: mikate kadhaa, keki kadhaa, siku fulani ya wiki. Meneja wa mkahawa, ambaye kwa kawaida alikuwa mwanamke, hakutakiwa kuandika orodha nzima kila siku. Alisubiri simu kutoka makao makuu, akataja mabadiliko tu. Leo niongezee hiki, kile nipunguzie. Mpokeaji, vipokea sauti masikioni, alitoboa kadi palepale wakati anasikiliza, na kadi zikaenda kwenye mashine. Kabla hujastaajabia kompyuta, jiulize ni nani aliyegundua kwamba oda ya leo inafanana sana na ya wiki iliyopita siku kama ya leo, na kwamba cha kuandika ni tofauti peke yake. Ni mtu aliyeijua kazi ya mkahawa. David Caminer na wenzake waliopanga kazi za LEO walitoka humohumo ofisini mwa Lyons, na walichokipanga walikuwa wakikifahamu ndani nje.

Wala ofisi hazikuruka kutoka kalamu hadi kompyuta. Kadi za kutobolewa zilitumika katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, kwa mashine za Herman Hollerith, na kwa nusu karne iliyofuata makampuni ya reli, bima na umeme yalipanga na kujumlisha hesabu zao kwa kadi kama hizo. Kompyuta ilipofika ilikuta vyumba vya kadi vikifanya kazi, ikaanza kwa kula kadi zilezile.

Kwetu tuna mfano unaouma. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500 kutoka kampuni ya Kiingereza, ikafungwa Wizara ya Fedha. Mpango wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine haukufaulu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wengi huusimulia uamuzi ule kama woga wa maendeleo. Mimi nauona tofauti. Mashine ilikuwa ghali, ililipwa kwa fedha za kigeni, na Watanzania waliofunzwa kuiendesha na kuipangia kazi walikuwa wachache mno. Lyons walikuwa wamechunguza kazi zao kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kugusa vali. Sisi tulitakiwa kufanya yote mawili kwa mkupuo mmoja, katika nchi iliyokuwa na umri wa miaka minne.

"Zilikuwa mashine za vita tu, sayansi ya kawaida ilifuata baadaye"

Ni kweli ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani Philadelphia Februari 1946, ilijengwa ili kukokotoa majedwali ya mizinga, na hesabu yake kubwa ya kwanza ilihusu bomu la haidrojeni. Hilo halifichiki. Lakini mwaka 1950 mashine hiyohiyo ilitumiwa na Jule Charney na wenzake kukokotoa utabiri wa hali ya hewa. Kila utabiri wa saa 24 ulichukua takribani saa 24 kukokotolewa, na kadi zilizotobolewa katika kazi yote zilikaribia 100,000. Mwaka 2008 hesabu zilezile zilirudiwa kwenye simu ya Nokia 6300, simu ya vitufe ambayo wengi wetu tumewahi kuishika. Ilitumia chini ya sekunde moja.

Na LEO, mashine ya mikate, ilipokuwa na nafasi iliwafanyia Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza majaribio ya hesabu za utabiri. Mpaka kati ya mashine ya biashara na mashine ya sayansi, ambao vitabu vya shule huuchora kwa wino mzito, ulikuwa hafifu namna hiyo.

Kule Cambridge, John Kendrew aliitumia EDSAC, na baadaye mrithi wake, kufumbua umbo la mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya misuli. Aliitoa kwenye nyama ya nyangumi, ambaye misuli yake imejaa protini hiyo kwa sababu huzama muda mrefu bila kuvuta pumzi. Mionzi ya eksirei ikipita katika fuwele ya protini hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na kutoka kwenye madoa hayo unatakiwa ukokotoe kila kipande cha molekuli kimekaa wapi. Kwa mkono kazi hiyo isingeisha. Kendrew alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1962.

Lakini hapohapo Cambridge kuna kisa kingine, nacho nakisimulia kila ninapopata nafasi. Alan Hodgkin na Andrew Huxley walikuwa wakichunguza jinsi ujumbe unavyosafiri kwenye neva. Walitumia neva nene ya ngisi, inayoonekana hata kwa macho matupu. Walipopata milinganyo yao walitaka EDSAC iwakokotolee, wakakuta imesimamishwa kwa miezi sita inafanyiwa marekebisho. Huxley hakusubiri. Alichukua mashine ya kujumlishia ya Brunsviga, ile ya kuzungusha kwa mpini, akakaa nayo wiki kama tatu akizungusha, akiandika, akizungusha tena, hadi mchoro wa mshituko wa neva ukatokea kwenye karatasi kama walivyokuwa wameupima kwa ngisi. Matokeo yalichapishwa 1952, na Tuzo ya Nobel ikaja 1963.

"Bosi wa IBM alisema dunia inahitaji kompyuta tano tu"

Maneno haya husambazwa sana, kwa jina la Thomas Watson na mwaka 1943. Hakuna hotuba wala barua yake inayoyaonyesha. Kinachofahamika ni cha mwaka 1953, tena kwa mwanawe, Thomas Watson mdogo. Aliwaeleza wanahisa kwamba walizungukia makampuni kama 20 wakiinadi mashine ya IBM 701, wakitegemea oda tano, wakarudi na oda 18. Mashine ndogo iliyofuata, IBM 650, ilikaribia 2,000.

Na taa za Philadelphia hazikufifia ENIAC ilipowashwa. Ilikula umeme mwingi, kilowati 150 hivi, lakini jiji liliendelea na shughuli zake.

"Ilikuwa kazi ya wanaume"

Zamani, kwa Kiingereza, neno kompyuta lilikuwa jina la mtu: mkokotoaji anayelipwa mshahara, na wakati wa vita wengi wao walikuwa wanawake. Kutoka kundi hilo walichaguliwa sita kuipangia ENIAC kazi: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hawakuwa na lugha ya programu wala kitabu cha maelekezo. Walisoma michoro ya nyaya, wakaijua mashine kwa kuifuatilia kiungo kwa kiungo, kisha wakaipanga kwa swichi na nyaya. Siku ya kuionyesha hadharani, hesabu iliyowavutia watu ilikuwa imeandaliwa na Jennings na Snyder. Usiku kukawa na karamu. Hawakualikwa.

Lyons nako, Mary Coombs aliingia akiwa karani, akafaulu majaribio ya kampuni, na akawa miongoni mwa walioandika programu ya mishahara niliyoieleza hapo juu. Marekani, Grace Hopper alikuwa akitengeneza zana za kuiwezesha mashine kupokea maagizo kwa maneno yanayosomeka, kazi iliyofungua njia ya lugha ya programu ya COBOL. Yeye huhusishwa na hadithi ya nondo aliyekutwa ndani ya mashine ya Harvard tarehe 9 Septemba 1947, ati ndipo hitilafu ya kompyuta ilipoanza kuitwa bug, yaani mdudu, kwa Kiingereza. Nondo alikuwepo kweli, akabandikwa kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu. Ila Thomas Edison alilitumia neno hilo kwa hitilafu za mitambo mwaka 1878, na hao wa Harvard waliandika kwamba huyu ni mdudu halisi wa kwanza kupatikana, maana yake walikuwa wakilitumia neno kila siku.

"Mabaki ya enzi hiyo yako makumbusho tu"

Chukua hundi ya benki, ya Nairobi au ya Dar es Salaam, utazame ukingo wa chini. Utaona mstari wa tarakimu zenye maumbo ya ajabu, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Katika miaka ya 1950 Bank of America ilikuwa ikizidiwa na hundi hadi matawi yakafunga milango saa nane mchana ili makarani wazimalize. Ikaomba msaada kwa watafiti wa Stanford, nao mwaka 1955 wakaonyesha mfumo ulioitwa ERMA, uliosoma namba za hundi zilizochapwa kwa wino wenye sumaku. Maumbo ya tarakimu hizo yalikamilishwa kabla muongo huo haujaisha, na ndiyo hayohayo yaliyo kwenye hundi uliyoshika. Kila tarakimu imechorwa ili itoe mtetemo wake wa sumaku inapopita kwenye kisomeo, hivyo mashine huisoma hata kama karani ameigongea mhuri juu yake.