Harufu ya mayai viza mara nyingi si uchafu wa mashine ya kufulia

Watu wengi hapa Unguja, wakisikia harufu ya mayai viza karibu na mashine ya kufulia, huilaumu mashine yenyewe na kuitia jiki kila wiki, na harufu ikabaki palepale.

Mashine iliyochafuka hutoa uvundo, kama wa nguo iliyolala majimaji usiku kucha, na chanzo chake ni ukungu na mabaki ya sabuni kwenye mpira wa mlango. Huo huondoka kwa kuusugua mpira na kuiendesha mashine tupu kwa maji ya nyuzi 60.

Harufu ya mayai viza ni jambo jengine kabisa: mara nyingi ni gesi ya karo, yaani shimo la maji machafu, ambayo hupaswa kuzuiwa na maji yanayobaki katika kona, iliyopinda kama herufi U, ya bomba la kutolea maji machafu. Maji hayo yakikauka, kwa mfano wenye nyumba wakienda Pemba kwa wiki kadhaa, au yakivutwa na kasi ya maji yanayotoka mashineni kwa kuwa bomba halina njia ya kupumulia, gesi hupanda hadi chumbani.

Mimina jagi la maji ndani ya bomba, kisha subiri. Harufu ikitoweka na kurudi baada ya siku nyingi, maji yalikauka tu. Ikirudi mara baada ya kufua, yanavutwa, na hapo aitwe fundi bomba. Isipotoweka kabisa, huenda kona hiyo haikuwekwa tangu mwanzo.

Nakuomba sana usichanganye jiki na siki au ndimu, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.