Kwa nini mhudumu wa mgahawani Marekani hulipwa dola 2.13 kwa saa?

Ukila kwenye mgahawa Houston, Texas, ukalipa bili na kuondoka bila kuacha chochote, mhudumu akikununia ana sababu. Kwa sheria, tajiri yake anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 kwa saa. Akipiga kazi saa 40, wiki nzima imempa dola 85.20, na hapo bado makato, ambayo hupigwa hesabu pamoja na bakshishi. Hela ya kula na ya kodi ya nyumba inatoka kwako wewe mteja: ile asilimia 15 hadi 20 ambayo mgeni hudhani ni hiari.

Wamarekani wenyewe zamani waliiona bakshishi kuwa tabia ya mabwana wa Ulaya. Majimbo sita yaliipiga marufuku, Washington likitangulia mwaka 1909, ingawa kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Walioing'ang'ania ni waajiri. Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, kampuni ya George Pullman, yenye mabehewa ya kulala, iliajiri watu Weusi waliotoka utumwani, ikawapa mshahara kiduchu na kuwaachia abiria wamalizie. Walitandika vitanda, usiku wakang'arisha viatu, na abiria wengi waliwaita wote "George", jina la tajiri, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Chama chao, kilichoundwa 1925 chini ya A. Philip Randolph, kilihangaika hadi 1937 ndipo kampuni ikatia saini mkataba.

Mwaka 1938 kikaja kima cha chini cha mshahara cha taifa zima, senti 25 kwa saa. Wahudumu wa migahawa hawakuguswa. Waliingizwa 1966, tena nusunusu: mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara. Aprili 1991 kima cha chini kilifika dola 4.25, na mwajiri alitakiwa kutoa nusu tu. Nusu ya 4.25 ni 2.125. Ndiko zilikotoka zile senti 13.

Mpaka hapo angalau kiwango kilikuwa kinapanda pamoja na cha wengine. Mwaka 1996 Bunge likataka kuongeza kima cha chini, na chama cha kitaifa cha wenye migahawa kikaingia kazini kushawishi wabunge. Matokeo yake, cha kawaida kikapanda, cha wahudumu kikafungwa palepale. Rais Bill Clinton akatia saini mwezi Agosti. Cha kawaida leo ni 7.25, tangu 2009, ile 2.13 haijasogea tangu 1991. Tofauti ya dola 5.12 kila saa imehamishwa kutoka kwa mwenye mgahawa kwenda kwa mteja, na huo, kwa macho yangu, ni ruzuku.

Utaambiwa kwamba bakshishi isipofikisha 7.25 mwajiri lazima ajazie. Ni kweli, ila hesabu ni ya wiki, kwa hiyo neema ya Ijumaa usiku inafidia Jumanne mchana meza zikiwa tupu. Na nani atamdai meneja ambaye ndiye anayempangia zamu?

Cha kuudhi zaidi kilifichuliwa na gazeti la New York Times Januari 2023. Wahudumu wengi hulazimika kulipia kozi ya usalama wa chakula, kama dola 15. Kozi maarufu kuliko zote, ServSafe, inamilikiwa na chama kilekile cha wenye migahawa. Kwa maneno mengine, mhudumu anamchangia anayepigania mshahara wake usipande.

Chama husema migahawa itafungwa. Lakini California, Nevada, Minnesota na majimbo mengine manne, likiwemo lile la Washington, hudai mshahara kamili kabla ya bakshishi, na watu wanaendelea kula huko. Nikiri kwamba baadhi ya wahudumu wa migahawa ya bei mbaya hawataki mabadiliko, maana bakshishi zao ni nono.

Julai 2025 ikapitishwa sheria inayosamehe kodi ya mapato kwenye bakshishi, hadi dola 25,000 kwa mwaka, mpaka 2028. Waajiri hawakuombwa kuongeza hata senti. Na mhudumu ambaye kipato chake ni kidogo mno kutozwa kodi hiyo hakupata kitu.