Ukuta mnene wa zege hauchukui nafasi ya kizuia joto

Kuna ujumbe unaozunguka kila mara kwenye makundi ya soga, ukiwalenga wanaojijengea wenyewe: "Jenga ukuta mnene wa zege, hutahitaji kizuia joto chochote." Si kweli, na anayeufuata huja kugundua akiwa ameshahamia.

Zege hupitisha joto kwa urahisi. Lebo za vifaa vya kuzuia joto huonyesha kiwango cha upitishaji, kwa wati kwa mita kwa kelvini. Namba ikiwa ndogo, kinga ni bora. Pamba ya madini (nyuzi za mwamba au glasi za kuzuia joto) huwa karibu 0.04, zege la kawaida huzidi 1. Hesabu ya ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia joto, ni nyepesi: gawanya unene, kwa mita, kwa namba hiyo. Sentimita 10 za pamba zinakupa ukinzani wa 2.5. Kwa zege lenye 1.5, ungehitaji ukuta wa mita 3.75 kupata ukinzani huohuo!

Mkanganyiko unaeleweka. Ukuta mzito hufyonza joto polepole, hivyo mchana ukiugusa kwa ndani unahisi ubaridi. Uguse tena usiku, baada ya siku ya jua kali: una vuguvugu, na joto hilo linaingia chumbani. Kuchelewesha joto kuna faida yake, hasa pale usiku unapopoa sana, ila siyo kulizuia. Ukitaka vyote viwili, weka kizuia joto upande wa nje wa ukuta.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa hesabu hiyo ya kugawanya, hasa kama bado hajamwaga zege.