Ofisi Mezani pa Chakula: Tunayodhani na Yaliyo Kweli Kuhusu Nyumba Kujaa Vitu

Naandaa hesabu za biashara ndogo ndogo nikiwa nyumbani, hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, tangu Machi 2020 tulipoambiwa tubebe kompyuta twende nazo. Wenzangu wengi walirudi mjini, mimi nikabaki. Meza yangu imeshabeba kila kitu, kuanzia risiti hadi sufuria ya githeri, na ushauri mwingi niliopewa kuhusu kuipanga ulinipoteza. Mwingine nilijipa mwenyewe.

"Nyumba ni ndogo, ndiyo maana imejaa."

Hii tunaipenda kwa sababu lawama inamwendea mwenye ploti. Lakini nina jirani aliyetoka bedsita akachukua nyumba ya vyumba viwili, na leo mlango wa kile chumba cha pili haufunguki vizuri kwa vitu vilivyorundikwa nyuma yake. Kinachojaza meza ni vitu visivyo na kwao. Kalamu ikishatumika inarudi wapi? Chaja je? Kama jibu ni "hapo tu", basi itakaa hapo tu, na kesho itapata mwenzake. Aliyeajiriwa mjini huiacha kazi ofisini jioni, na matatu inamweka mbali nayo hadi asubuhi. Sisi wa nyumbani hatuna matatu, kwa hiyo sufuria inakuja mezani na kukuta faili bado limeketi.

Usiku ofisi yangu ni kiondo. Ikifika saa kumi na mbili jioni, kompyuta, daftari, kikokotoo na waya zote zinaingia humo, na kiondo kinaning'inizwa kwenye ndoano inayopachikwa juu ya mlango. Ukutani sipigi msumari, maana siku ya kuhama kila tundu huhesabiwa kwenye dipoziti. Kazi yote hiyo haimalizi dakika tano.

"Nikinunua masanduku na rafu, nitajipanga."

Hapa ndipo pesa zangu zilipopotelea. Nilienda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, katikati ya kelele za nyundo na bati, nikanunua masanduku mawili ya bati kama yale anayobeba mtoto wa kidato cha kwanza. Sikuwa nimepima chochote. Nilipofika nyumbani, hakuna hata moja lililoingia chini ya kitanda. Yalizidi kimo kwa upana wa vidole viwili. Moja likawa kiti cha wageni. La pili nilijaza waya, simu zilizokufa na vifuniko vya vyombo nisivyokuwa navyo tena. Takataka zangu zikawa zimepata nyumba yao, tena yenye kufuli.

Anza kwa kutoa. Kitakachobaki kipimwe, na mahali pa kukiweka papimwe pia, ndipo uende sokoni. Mara nyingi utagundua sanduku moja linatosha, au hata katoni.

"Karatasi ya kazi haitupwi, huenda KRA wakaitaka."

KRA ni Mamlaka ya Mapato ya Kenya, na hofu hii ina msingi, ila inatiwa chumvi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inakutaka utunze kumbukumbu zako kwa miaka 5 tangu mwisho wa kipindi cha kodi kinachohusika, au, kama una kesi au mabishano ambayo hayajaamuliwa, hadi yaishe. Kwa hiyo risiti ya mafuta ya 2014 iliyokuwa kwenye droo yangu ilikuwa mgeni aliyesahau kuaga. Tena risiti nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga. Baada ya muda unabaki ukitunza kijikaratasi cheupe, kwa hiyo ipige picha mapema ingali inasomeka.

Lakini kutupa nako kuna adabu yake. Niliwahi kununua njugu za shilingi 10 kwenye kituo cha basi, nikakunjua ile karatasi, nikakuta majina ya watu na mishahara yao. Njugu zilinishinda kumaliza. Ukishika karatasi za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kama ofisi yako ni jikoni. Sina mashine ya kusaga karatasi. Mimi huzichana, nikaziloweka kwenye beseni usiku kucha, na asubuhi nazikanda mpaka zifanane na uji mzito. Hakuna atakayefungia njugu humo.

"Meza iliyovurugika ni ya mtu mbunifu."

Kuna ukweli kidogo. Mwaka 2013, Kathleen Vohs wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambapo watu waliokaa kwenye chumba kilichovurugika walitoa mawazo mapya zaidi kuhusu matumizi ya mpira wa tenisi ya mezani. Idadi ya mawazo, hata hivyo, haikutofautiana na ya waliokaa kwenye chumba nadhifu. Nami kazi yangu ni kulinganisha taarifa za benki. Ubunifu hapo unaweza kukupeleka mahakamani.

"Nisichohitaji nitapeleka ushago."

Desemba basi huondoka kwenda kijijini na mizigo yetu, nasi tunasema tumepanga nyumba. Nguo kuukuu wachukue wale wachuuzi wa mali mali wanaozunguka na mabeseni, wakikupa chombo badala ya nguo. Ila ujue unataka chombo gani, la sivyo unabadilisha rundo kwa rundo. Simu na betri mbovu zitengwe zipelekwe kwa wanaochakata taka za elektroniki. Ukizitia kwenye mfuko wa taka, huenda zikaishia Dandora, jaa lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa tangu 2001.

Waya za lile sanduku langu sikuzipeleka kwa mchakataji yeyote. Nilizipeleka kwa mama. Januari akanipigia simu: "Kwani hizi ni za kuwasha nini, na huku stima inapotea kila siku?" Nikasema nitazifuata Pasaka.